Kuchagua Kiwango cha Ugumu katika Gemu za Video: Mwongozo Kamili kutoka Chumba cha Gemu Kondele

Mteja anapoketi mbele ya televisheni katika chumba chetu cha gemu hapa Kondele, Kisumu, mara nyingi huulizwa swali kabla hajaona hata mpira mmoja ukipigwa: anataka gemu iwe ngumu kiasi gani? Wengi hulijibu kwa sekunde mbili. Kijana aliyekuja na marafiki huchagua kiwango cha juu kwa sababu marafiki wanamtazama, na mzee aliyeletwa na mwanawe huchagua cha chini kabisa kwa sababu maandishi yenyewe yanamwambia kwamba yeye ni mgeni. Nusu saa baadaye, wa kwanza amefungwa mabao saba na anadai padi, yaani kidhibiti cha mkononi, ni mbovu, na wa pili ameshinda kumi kwa nunge na anapiga miayo. Wote wawili wamelipa pesa zile zile.

Nimeendesha chumba hiki kwa muda wa kutosha kujua kwamba kiwango cha ugumu ni jina tu lililobandikwa juu ya mfuko, na kila mtengenezaji hutia mfukoni vitu anavyotaka mwenyewe. Neno linalomaanisha "kawaida" katika gemu moja linaweza kumaanisha mateso katika nyingine. Anayechagua vizuri huwa ameuliza maswali mawili: kiwango hiki kinabadilisha nini hasa, na nikishindwa nitarudishwa wapi?

Mambo haya yana historia yake. Mashine za gemu zilizokuwa zikichezwa kwa sarafu zilikuwa na swichi ndogo ndani, ambazo mwenye mashine aliweza kuzigeuza ili kuongeza au kupunguza ugumu na idadi ya maisha ya mchezaji, na bila shaka alipenda mtu asikae mno kwa sarafu moja. Atari 2600 ya mwaka 1977 ilimpa mchezaji mwenyewe swichi za ugumu juu ya mashine. Sisi wenye vyumba vya gemu tunaolipwa kwa mechi tungali na maslahi yale yale ya mwenye mashine, kwa hiyo yachukulieni maelezo haya kama siri za duka.

Kagua vyombo kwanza

Hatua hii huachwa na karibu kila mtu, nami naiweka mbele kwa makusudi. Televisheni nyingi za siku hizi huichakata picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua muda. Muda wenyewe ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini katika gemu ya kupigana ndio unaotenganisha kukinga na kupigwa. Tafuta katika mipangilio ya televisheni hali maalumu ya gemu, uiwashe, kisha ujaribu tena. Padi nayo ikaguliwe, kwa maana kijiti kilicholegea humfanya mchezaji wako atembee hata kabla hujamgusa. Kama unatumia kompyuta ya zamani, shusha ubora wa picha mpaka mwendo uwe laini, hata kama nyasi za uwanja zitafanana na zulia.

Fundi mmoja wa pikipiki kutoka Manyatta, mteja wetu wa jioni, alikuwa ameishusha gemu ya kupigana hadi kiwango cha chini kabisa na bado alikuwa akichelewa kukinga kila pigo. Alikwisha kujihukumu kwamba umri umempita. Tulimhamisha kwenye televisheni nyingine ambayo hali ya gemu ilikuwa imewashwa, na siku hiyo hiyo alirudi kiwango cha kati. Mikono yake haikuwa na kosa lolote.

Amua unachokitafuta

Mtu anayetaka kujua mwisho wa hadithi, mtu anayejiandaa kwa mashindano ya Jumamosi, na mtu aliyetoka kazini akiwa hoi na anataka kupumzika hawawezi kufaidika na kiwango kimoja, hata kama wana ustadi sawa. Wa kwanza anahitaji kusonga mbele na wa pili anahitaji kusumbuliwa. Wa tatu anahitaji kushinda mara nyingi kuliko kushindwa, na hana haja ya kumwomba mtu yeyote radhi kwa hilo.

Hesabu pia muda ulio nao. Aliye na konsoli, yaani mashine yake ya gemu, nyumbani anaweza kupigana na bosi mmoja, yule adui mkubwa wa sehemu, wiki nzima. Anayelipa kwa saa, tena chumbani ambamo watu watano wanasubiri zamu, atakuwa amenunua kurudia sehemu moja mara kumi. Kwa mtu wa namna hii huwa nashauri kiwango kimoja chini ya kile ambacho angekichagua akiwa kwake.

Fungua mfuko uone kilichomo

Jambo linalobadilishwa na gemu nyingi, kwa kuwa ndilo rahisi kwa watengenezaji, ni nguvu za mapigo. Skyrim ya mwaka 2011 ni mfano mzuri. Katika kiwango cha Adept wewe na adui hupigana kwa nguvu zenu halisi. Ukishuka hadi Novice, mapigo yako huwa na nguvu maradufu na ya adui hubaki nusu. Ukipanda hadi Legendary, pigo lako hubaki na robo ya nguvu zake na pigo la adui huzidishwa mara tatu. Adui huyo hajaongezewa akili hata chembe. Anafanya yale yale aliyokuwa akiyafanya chini, ila sasa unamkatakata kama mtu anayeangusha mvule kwa kisu cha jikoni. Ukigundua kwamba gemu yako ni ya aina hii na hukufurahia vita vyake katika kiwango cha kati, usitarajie kuvifurahia juu.

Gemu nyingine huongeza kitu cha kweli. Katika Doom ya mwaka 1993, kiwango cha mwisho kinachoitwa Nightmare huwafanya maadui waende kasi zaidi, na wale uliokwisha kuwaua hufufuka. Hapo mbinu yenyewe ya kucheza lazima ibadilike: huwezi tena kusafisha chumba kisha ukatembea ndani yake kwa raha, bali unapaswa kukimbilia mlangoni.

Kuna gemu zinazompa mpinzani mali. Katika Civilization VI, gemu ya kujenga himaya, viwango ni vinane, na cha nne, Prince, ndicho ambacho wewe na kompyuta mnaanza bila upendeleo mkubwa kwa upande wowote. Kila ngazi juu ya hapo huipa kompyuta nyongeza, hata kwamba katika kiwango cha mwisho, Deity, kila mpinzani anaanza na walowezi watatu wa kuanzishia miji ilhali wewe una mmoja. Kompyuta haijawa na busara zaidi. Imerithi tu shamba kubwa kuliko lako. Kujua hivyo hukuokoa na kosa la kujaribu kushindana nayo katika idadi ya miji mapema, kwa sababu mbio hizo zilikwisha kabla hujabonyeza kitufe cha kwanza.

Zingine hukudanganya kwa wema. XCOM: Enemy Unknown ya mwaka 2012 huonyesha uwezekano wa risasi kumpata adui kwa asilimia, lakini katika viwango viwili vya chini huiongeza bahati yako kimyakimya, hasa baada ya risasi kadhaa kukosa. Ukipanda, asilimia unayoisoma ndiyo ya kweli, na wengi huapa kwamba gemu imeanza kuwaibia. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 nayo hukupima unapocheza: ukifa mara kwa mara huwalegeza maadui na hata kuwapunguza, na ukifanya vizuri huwakaza, ila kiwango cha juu kabisa hakina huruma hiyo. Katika gemu za namna hii jina la kiwango ni makadirio tu, kwa sababu gemu yenyewe inakushona nguo ukiwa umeivaa.

Mwisho kuna gharama ya kushindwa, nayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Adui mkali ambaye akikuua unaanzia mlangoni pake ni mwalimu. Adui mwepesi ambaye akikuua unarudishwa dakika ishirini nyuma ni mwizi wa jioni yako. Kabla ya kupanda kiwango, angalia kama kile cha juu kinapunguza vituo vya kuhifadhi mchezo ulipofikia au kinakuachia hifadhi moja tu. Kwa sisi ambao stima inaweza kupotea mvua inapoanza kunyesha, jambo hili lina uzito wa pekee. Nimemwona kijana akipoteza dunia yake nzima ya Minecraft aliyoicheza kwa maisha mamoja. Umeme ulipokatika gemu ilikuwa ikihifadhi, na faili liliharibika.

Anza katikati, kisha ujipe muda wa majaribio

Kwa kawaida kiwango cha kati ndicho kilichojaribiwa zaidi na watengenezaji, kwa hiyo kinafaa kuwa mahali pa kuanzia hata kama unajiona mjuzi. Kuna gemu zinazokuambia waziwazi kwamba zilikusudiwa kuchezwa kwingine. Mfululizo wa Halo, kwa mfano, hukieleza kiwango cha Heroic, ambacho kiko juu ya kile cha kawaida, kuwa ndicho unachopaswa kuuchezea. Maelezo mafupi yanayotokea chini ya jina la kiwango yana thamani kuliko jina lenyewe. Yasome yote kabla ya kubonyeza.

Hapo hapo chunguza kama uamuzi wako unaweza kubadilishwa baadaye. God of War ya mwaka 2018 ina viwango vinne. Kati ya vitatu vya chini unaweza kuhama wakati wowote, lakini cha nne ni lazima ukichague mwanzoni kabisa, na ukishakichagua huwezi kukihama mpaka uanze upya. Gemu nyingine zinatoa tuzo fulani kwa yule tu aliyecheza kiwango cha juu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa tuzo hizo hazikukoseshi usingizi, usiziruhusu zikuchagulie.

Usitoe hukumu kutokana na dakika kumi za kwanza, kwa maana sehemu hiyo imewekwa kukufundisha vitufe, na karibu kila gemu ni rahisi hapo. Katika kandanda, cheza mechi tatu. Katika mbio za magari, cheza mbio tatu kwenye njia moja. Katika gemu ya hadithi, endelea mpaka umekutana na bosi wa kwanza wa kweli. Baada ya hapo badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, maana ukishusha kiwango, ukawasha misaada yote na ukabadilisha timu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Jifunze kutokana na namna unavyoshindwa

Ukishindwa ukajua sababu yake, kwa mfano uliingia chumbani bila kuangalia kushoto, kaa hapo hapo, kwa sababu uko darasani na somo linaingia. Ukishindwa mara tatu mahali pamoja bila kujua ungefanya nini tofauti, badilisha mbinu mara moja zaidi. Ikishindikana tena, shusha kiwango bila kusita. Kwa upande mwingine, ukiona umeanza kushinda huku ukizungumza na jirani yako, basi mikono imezoea na akili imelala, na huo ndio wakati wa kupanda.

Dalili nyingine iko mwilini. Mtu aliye katika kiwango kinachomfaa huinama kidogo mbele. Aliyezidiwa hukamata padi kana kwamba anaikaba koo, naye aliyechoshwa hutoa simu mfukoni wakati wa kona. Baada ya kuwatazama wateja kwa migongo jioni nyingi, naweza kukisia kiwango alichochagua mtu bila kuangalia skrini yake.

Kandanda

Hapa ndipo kuna watu wengi, na ndipo makosa ni mengi. Gemu za mpira za EA, zilizoitwa FIFA mpaka mwaka 2023 zilipogeuka kuwa EA Sports FC, zina viwango saba: Beginner, Amateur, Semi-Pro, Professional, World Class, Legendary na Ultimate. Kwa uzoefu wa chumba hiki, mruko mkubwa uko kati ya Professional na World Class. Chini ya mstari huo kompyuta hukuachia nafasi ya kukimbia na mpira mpaka kwenye kisanduku. Juu yake, beki hasimami kukungoja, na wewe mwenyewe usipojua kulinda bila kukurupuka utaadhibiwa kwa pasi mbili. Anayepanda kutoka Professional na kufungwa vibaya hapaswi kudhani kwamba amesahau mpira. Kilichoisha ni faida ya mbio, sasa anahitaji pasi.

Jambo ambalo wengi hawajawahi kulifungua ni vile vipimo vya pembeni vinavyopatikana katika mechi za dhidi ya kompyuta. Kwa kila upande, wako na wa kompyuta, unaweza kurekebisha kasi ya mbio, makosa ya pasi, makosa ya mashuti, uwezo wa kipa na mengine kadhaa, kwa namba za kuanzia 0 hadi 100, na vingi huanza vikiwa 50. Kwa hiyo yule anayeona World Class ni ngumu mno na Professional ni laini mno hana sababu ya kuteseka katikati. Abaki World Class, kisha aongeze makosa ya pasi ya kompyuta kutoka 50 hadi 54 au 55, acheze mechi tatu, na apunguze polepole kadiri anavyozoea. Katika kipimo cha makosa, namba kubwa ina maana ya makosa mengi. Nimeona watu wakikigeuza kinyume, kisha wakashangaa kompyuta ikicheza kama Barcelona.

Angalia vilevile misaada ya padi, kwa kuwa hiyo ni ugumu wa namna nyingine. Msaada wa pasi unaweza kuwa kamili, wa nusu, au usiwepo kabisa, na ulinzi unaweza kuwa wa mtindo wa zamani, ambao kitufe kimoja humfanya beki amfuate mshambuliaji mwenyewe, au wa kisasa unaokutaka umpange beki kwa mkono wako. Ukijiandaa kwa mashindano, fanya mazoezi kwa misaada ile ile itakayotumika siku hiyo, hata kama itakubidi ushuke kiwango kimoja. Kushinda Legendary kwa ulinzi wa zamani hakutakusaidia ukifika mahali ambapo ulinzi huo umezimwa.

Wanapocheza watu wawili, usawa hutafutwa kwenye uchaguzi wa timu. Gemu huzipa timu nyota, kuanzia nusu hadi tano. Kanuni tuliyoiweka chumbani kwetu ni kwamba mshindi wa mechi tatu mfululizo hushuka nusu nyota mpaka ashindwe. Tangu tuanze, bingwa wa mtaa hucheza na vilabu vya daraja la pili Uingereza, na vijana wadogo hawakimbii tena zamu yao inapokutana na yake.

Kwa anayependa kuendesha klabu kwa misimu mingi, kumbuka kwamba unaweza kubadilisha kiwango katikati ya msimu, na kwamba klabu utakayoichagua ni sehemu ya ugumu. Ligi ya Kenya haimo ndani ya gemu hizi, kwa hiyo vijana wa hapa huunda klabu yao wenyewe, jambo lililowezekana tangu FIFA 22, na takriban kila mara jezi huwa ya kijani na nyeupe. Hakuna anayeuliza ni klabu gani inayokusudiwa. Wakati wa kuunda, unaulizwa kikosi kianze na ubora wa nyota ngapi. Nyota mbili katika Professional ni safari tamu kuliko nyota tano katika Ultimate, kwa maana kila mchezaji unayemsajili unamhisi. Football Manager imelichukua wazo hili mpaka mwisho. Haina viwango vya ugumu kabisa, bali unachagua klabu, na klabu ndiyo ugumu wako.

Mbio za magari

Katika magari tenganisha mambo mawili: kasi ya wapinzani, na misaada inayokushikia gari. Gran Turismo 7 ya mwaka 2022 hukuruhusu kuwasha mstari unaoonyesha pa kupita na pa kufunga breki, gia za kujibadilisha, na udhibiti wa magurudumu yasiteleze. Anayeanza awashe vyote, kisha azime kimoja kimoja, akianza na ule mstari, kwa sababu unamfanya dereva autazame badala ya kuitazama barabara. Udhibiti wa kuteleza uwe wa mwisho.

Gemu rasmi za Formula 1 hutumia namba badala ya majina kwa ustadi wa wapinzani, kuanzia 0 hadi 110. Hiyo ni neema, kwa sababu unaweza kujipima kama fundi cherehani. Weka 50, uendeshe gari la kiwango cha kati, na uangalie unamaliza wapi. Ukiongoza peke yako, ongeza 10. Ukiachwa nyuma na wote, punguza 5. Simama pale ambapo gari la kati linamaliza katikati. Katika Mario Kart ugumu huandikwa kwa ukubwa wa injini, kuanzia 50cc, na kinachobadilika zaidi ni kasi ya mbio nzima. Mario Kart 8 Deluxe ina msaada wa usukani unaozuia gari kutoka barabarani, na huo unatosha kabisa kumweka mtoto wa miaka minne katika mbio moja na babake.

Hadithi na bunduki

Gemu bora za aina hii zimeacha kukuuzia mfuko uliofungwa. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 hukuruhusu kuchagua ugumu kwa mafungu: madhara unayopata, ukali wa maadui, msaada wa wenzako, urahisi wa kujificha, na wingi wa vifaa. Ushauri wangu ni kuacha maadui wakiwa wa kawaida au wakali na kuongeza vifaa kidogo, kwa maana adui mwerevu ni burudani, lakini kupekua makabati ishirini ukitafuta risasi mbili ni kazi ya nyumbani. Anayependa hofu afanye kinyume, kwa kuwa uhaba ndio unaoleta hofu.

Katika Call of Duty, kiwango cha Veteran huruhusu risasi chache tu kabla hujaanguka, na mchezo hugeuka kuwa wa kujificha na kuchungulia. Wanaoupenda wanaupenda kweli. Anayetaka kukimbia katikati ya milipuko kama kwenye sinema abaki Regular.

Gemu zisizokuuliza kitu

Elden Ring ya mwaka 2022 haina menyu ya ugumu, na wengi huiacha siku ya kwanza baada ya kuuawa mara kumi na yule mpanda farasi wa dhahabu aliyewekwa karibu na mahali pa kuanzia. Amewekwa pale ili ujifunze kuondoka. Katika gemu hii ugumu unauchagua kwa miguu: nenda kwingine, ongeza ngazi, imarisha silaha, ita mizimu ya kukusaidia au mchezaji mwingine, kisha urudi. Kutumia misaada hiyo ni kuicheza gemu kama ilivyotengenezwa, na asikutishe mtu.

Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, ambayo bado inaombwa chumbani kwetu, nayo haina kiwango, lakini ina mlango wa nyuma. Ukikamilisha ngazi zote 12 za kazi ya gari la wagonjwa, kiwango cha juu cha afya ya CJ, mhusika unayemchezesha, huongezeka, na misheni zinazofuata huwa nyepesi. Ifanye mapema. Gemu za simu zinazochezwa kwa mtandao, kama vile PUBG Mobile, hukupanga na watu wa daraja lako, na mechi za mwanzo hujaa wachezaji wa kompyuta. Ukiona unashinda sana wiki ya kwanza, usinunue kitu kwa furaha hiyo.

Mikakati na kupigana

Kwa gemu za mikakati, tumia kiwango cha usawa kama kipimo cha kujifunzia, na upande tu ukiwa umeshinda kwa njia mbili tofauti, kwa sababu njia moja inayorudiwa huwa ni udhaifu wa kompyuta uliougundua. Mchezaji wa sataranji anayetumia tovuti ya Lichess ana ngazi nane za kompyuta. Apande anaposhinda michezo mitatu kwa mitano, kisha airudie ile miwili aliyoshindwa.

Katika gemu za kupigana, kiwango cha kompyuta kina faida ndogo kuliko watu wanavyodhani. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 ina ngazi nane, pamoja na mfumo rahisi wa vitufe unaokuwezesha kutoa mapigo makubwa bila kuzungusha kijiti. Tumia ngazi ya 4 au ya 5 kuzoesha mikono, kisha utafute mtu. Kompyuta ya ngazi ya 8 itakufundisha tabia za kompyuta, na jirani yako wa Nyalenda hana tabia hizo.

Watoto, na wanaoanza ukubwani

Minecraft ndiyo mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa viwango vyake vinne vinaeleweka na vinabadilishwa wakati wowote. Katika Peaceful hakuna wanyama wa usiku wala njaa. Katika Easy njaa huuma lakini haiui. Katika Normal inaweza kukubakizia nusu ya moyo mmoja wa uhai. Katika Hard inaua, na mazombi huweza kuvunja milango ya mbao. Mwanzishe mtoto Peaceful mpaka ajue kujenga nyumba yenye mlango, kisha mhamishe Easy mchana, wakati jua bado lipo ndani ya gemu, ili apate nafasi ya kujiandaa.

Kwa mtu mzima anayeshika padi kwa mara ya kwanza, tatizo huwa ni kutembea na kugeuza kamera kwa wakati mmoja, wala adui bado hajaanza kuhesabika. Mpe gemu ambayo kamera hujigeuza yenyewe, au Celeste ya mwaka 2018, gemu ya kupanda mlima ambayo kamera yake haihitaji kuguswa. Celeste yenyewe ni ngumu, lakini ina hali ya msaada inayopunguza mwendo wa gemu nzima hadi nusu na hata kumwondolea mchezaji uwezekano wa kufa. Mweke katika nusu ya mwendo, umwache apande mlima wake, na kila anapovuka skrini kadhaa bila kuanguka umwongezee asilimia kumi. Mzee niliyemtaja mwanzoni aliianza hivyo. Sasa anacheza kwa asilimia 80, na akija huomba kiti cha pembeni, mbali na feni, ili asikie muziki wake.